Sauti Kwenye Nduma za Patrobas

Mume wangu Patrobas alianguka akipalilia nduma zake kando ya mto, kule chini ya mtaa wa Mowlem, Nairobi, tarehe tisa Februari, saa tatu asubuhi. Vijana wanaoosha magari walimbeba, lakini walipofika naye barabarani alikuwa ameshakata roho. Alitoka hapo akaenda mochari, akatoka mochari akaenda kijijini kwao Funyula, tukamzika Jumamosi. Jembe lake lilibaki limesimama kwenye tope. Siku zote za matanga hakuna mtu wa familia aliyerudi pale mtoni.

Hilo la mwisho nalisema mapema, kwa sababu yote yalitokea hapo.

Kwao Patrobas, mtu akifia mbali na nyumbani, kuzika mwili hakutoshi. Ndugu yake huenda mpaka pale alipoangukia, huvunja tawi, humwita kwa jina na kumwambia, "Twende nyumbani." Kisha hulibeba lile tawi mpaka kaburini, na njiani haongei na mtu. Bwire, mdogo wake Patrobas, alitaka kufanya hivyo. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisimama mbele ya wazee nikasema Patrobas ameokoka, yuko kwa Bwana, hahitaji tawi la kumwonyesha njia.

Bwire aliniangalia. "Sawa, mulamwa," akasema, maana kwetu shemeji ni mulamwa. "Wewe ndiye mwenye mume."

Mvua ilianza wiki ya mwisho ya Machi. Sauti ilianza na mvua.

Niliisikia mara ya kwanza nikiwa nimeinama nikichimba nduma za kuuza, kabla jua halijatoka. Ilitoka kwenye kichaka nyuma ya shamba, kile cha lantana na mabingobingo ambacho Patrobas alikiacha makusudi kiwe ua. Mtu akipuliza mdomo wa chupa tupu, kwa pumzi moja ndefu, ndiyo sauti hiyo. Huuuuu. Kisha kimya, kama anavuta hewa. Huuuuu. Ilikuwa ya chini na ya upole, na ilikuwa na huzuni. Patrobas alipochoka kupalilia aliegemea jembe akatoa pumzi vivyo hivyo, na mimi nilikuwa nikimcheka, namwambia anatoa hewa kama tairi.

Sikukimbia. Nilivuta ule mtungi wake wa plastiki wa manjano aliokuwa akimwagilia, nikaukalia, nikasikiliza mpaka kukapambazuka.

Kesho yake nilirudi. Na kesho kutwa. Siku ya nne nilimsalimia.

Najua Biblia inasema nini juu ya watu wanaozungumza na wafu. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, lakini hiyo niliisoma. Hata hivyo nilikaa juu ya ule mtungi kila alfajiri nikimweleza habari. Kwamba Triza, binti yetu, amepiga simu kutoka Doha, anasema joto linamuua. Kwamba mwenye nyumba amepaka rangi ngazi. Kwamba nimeanza kulala upande wake wa kitanda kwa sababu ule wangu uko karibu na ukuta na ukuta ni baridi. Yeye alikuwa akiitikia, huuuuu, na mimi nilikuwa nikiinuka pale nikiwa na nguvu za kwenda kupika uji wa kuuza. Ukikaa chumba kimoja peke yako, unaweza kumaliza siku mbili hujasema neno ila bei ya uji.

Ilikuwa siri yangu mpaka wanawake wa maombi ya alfajiri walipoisikia. Kanisa letu la mabati liko juu ya mteremko uleule. Mirriam, kiongozi wa akina mama, alinishika mkono baada ya ibada.

"Mama Triza, wewe ndiwe wa kushuka huko kila siku. Hujasikia hiyo kitu inalia?"

"Nimesikia kitu."

"Kitu! Hilo ni pepo, dada. Na limekaa palepale Patrobas wako alipoangukia. Mimi sisemi neno, nasema tu." Mirriam akisema hasemi neno, jua ameshalisema kwa watu kumi. "Tumeshaanza kulifunga kwa jina la Yesu. Jana nimemwaga chupa nzima ya mafuta ya upako."

"Umemwagia nduma zangu mafuta?"

"Zitaiva haraka," akasema, na wenzake wakacheka.

Mimi sikucheka. Usiku huo sikulala. Neno moja lilikuwa linanizunguka: palepale alipoangukia. Mirriam alikuwa anasema pepo, lakini nilichosikia mimi ni maneno ya Bwire. Kama Patrobas yuko pale kichakani, basi yuko pale kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyezuia aitwe. Miezi miwili nimemwacha kwenye tope na mvua, huku nikijifurahisha na sauti yake kama mtu anayesikiliza redio.

Jumatatu alfajiri nilimpigia Bwire. Sikumweleza kitu. Nilielekeza simu kichakani mpaka ile sauti ikaita mara tano.

Nilipoirudisha sikioni, Bwire alikuwa analia.

"Huyo ni ndugu yangu," akasema. "Mulamwa, si nilikwambia? Jumamosi asubuhi niko hapo. Usiguse kitu, usimwambie mtu. Namchukua, tunaondoka."

Nilisema sawa. Halafu nikarudi kwenye mtungi nikakaa, na moyo ukaniuma kwa jambo ambalo sikulitarajia. Jumamosi atachukuliwa. Na mimi nitabaki.

*

Nauza uji na nduma kando ya barabara, karibu na kibanda cha Mzee Nzivo, mchongaji. Mzee Nzivo ni Mkamba wa kule Mbooni. Anachonga ndege wa kuuzia watalii, kanga, korongo, bundi. Kila asubuhi anakunywa vikombe viwili vya uji na kulalamika juu ya vyote viwili. Jumatatu hiyo alionja akatema.

"Mama Triza, leo ni uji au ni lami?"

"Umeungua kidogo."

"Kidogo! Hii tunaweza kuzibia mashimo ya barabara. Una nini?"

Sijui kwa nini nilimwambia. Labda kwa sababu hakuwa wa kanisa wala wa familia. Nilimwambia habari ya sauti, na nikajaribu kuiga. Sikufika mwisho wa pumzi, akaweka tezo yake chini.

"Tena," akasema.

Nikaiga tena.

"Huyo ni ndege."

Niliona hasira ikinipanda mpaka masikioni. "Ndege gani analia hivyo? Umewahi kumwona?"

"Sijawahi."

"Basi umejuaje?"

"Ujana wangu wote nilikata miti ya muhugu msituni, kabla hawajatukataza. Mvua ikinyesha tulimsikia huyo kila asubuhi. Wenzangu walisema ni konokono anayelia mvua, wengine wakasema ni nyoka mwenye upanga wa jogoo kichwani. Mwenzetu mmoja tu, mzee wa huko huko msituni, alisema ni ndege mdogo, mdogo kama kifaranga, anatembea chini ya majani kama panya. Nilimtafuta miaka. Ukienda kulia, sauti inahamia kushoto. Ukisimama, iko nyuma yako. Mwisho niliacha."

"Kwa hivyo hujui. Umeambiwa tu."

"Nimeambiwa tu," akakubali. "Hata wewe umeambiwa tu. Tofauti ni kwamba kwangu kuna kitu cha kutafuta."

Niliosha vikombe kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilipomaliza niliuliza, "Nikimwona, nitajuaje ndiye?"

Alivuta kutoka chini ya meza kitabu kisicho na jalada, kurasa zimeshikana kwa vanishi. Kilikuwa kitabu cha picha za ndege, alikirithi kwa mteja mmoja Mzungu, ndicho anachochongea. Nikanyoosha mkono. Akakiweka chini ya tako lake akakikalia.

"La. Ukiona picha kwanza utakuja kuniambia umeona picha. Nilishawahi kuwa shahidi pale kortini Makadara, kesi ya wizi wa mbao. Shahidi mwenzangu alikuwa ameonyeshwa mshukiwa mapema, nje pale kwenye ngazi. Alipofika kizimbani akamtambua kama ndugu yake. Hakimu aliitupa kesi nje. Wewe nenda, angalia, uje uniambie. Mimi nitachonga unachosema. Kikiisha, ndipo tutafungua kitabu."

"Na nikikuta si ndege?"

Alikuna kidevu. "Basi nitachonga unachosema vilevile."

Nilikuwa na siku nne.

*

Kabla ya uji nilifanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha biskuti. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya mkanda na kutoa biskuti iliyovunjika au kuungua, na mkanda haukungojei. Hapo nilijifunza jambo moja: jicho likikimbizana na kila kitu haliambulii kitu. Unaliweka mahali pamoja, unaacha vitu vipite, na chenye kasoro kinajileta chenyewe.

Jumanne nilikaa kwenye mtungi nikaweka macho kwenye uwazi mmoja chini ya lantana, upana wa sufuria, mahali ambapo majani makavu yalikuwa yamechakurwa. Sauti iliita kulia, ikaita kushoto. Sikuifuata. Sikuisalimia pia, na kunyamaza huko kulikuwa kugumu kuliko kukaa. Karibu saa moja kitu kilipita kwenye uwazi. Kilikuwa cha kahawia, cha duara, kinakimbia kwa miguu. Nikasema moyoni, panya. Kisha kikarudi, kikasimama, kikachakura majani kwa mguu mmoja kama kuku.

"Kahawia yote," nilimwambia Nzivo. "Kama kifaranga cha wiki tatu. Tumboni kuna mistari myembamba, kama kitambaa cha gunia."

"Mdomo?"

"Mfupi. Si wa kula nyama, ni wa kudonoa."

"Mkia? Umesimama, umelala?"

"Hauko. Ni kama pamba tu pale nyuma."

Alikuwa ameshaanza kuchonga, vipande vya mbao vinaruka kwenye uji wa wateja. Aliponiuliza kama kilikuwa kinalia, nilisema hapana. Wakati nakiona, sauti ilikuwa bado inaita, lakini upande mwingine.

"Basi umeona ndege na umesikia sauti," akasema. "Hakimu wa Makadara angekurudisha nyumbani. Mimi nataka umwone akilia."

Na kweli hilo ndilo lililokuwa likinisumbua. Ndege kuwa kichakani si ajabu. Patrobas anaweza kulia kwenye kichaka chenye ndege.

Jumatano sikuona kitu ila Mirriam, aliyeshuka na chupa nyingine ya mafuta. Alinikuta kwenye mtungi.

"Unafanya nini hapo, Mama Triza?"

"Naomba."

"Macho wazi?"

"Bwana alisema tukeshe na kuomba. Sijui utakesha vipi ukiwa umefumba."

Alinitazama, akatazama kichaka, akapanda mteremko bila kumwaga mafuta.

Alhamisi niliona tena kitu. Hakikuwa kile cha kahawia. Kilipita upesi, lakini kichwa chake kilikuwa na rangi ya matofali, ile nyekundu ya vumbi la barabara ya kwetu Funyula, na mgongo wake ulikuwa mweusi wenye madoa, kama mtu amenyunyizia simsim. Nzivo aliposikia aliacha tezo.

"Sasa unaniletea ndege wawili. Nichonge yupi?"

"Chonga wote."

"Kwa mti gani? Unajua bei ya mti?" Lakini alichukua kipande kingine.

*

Ijumaa mbingu zilikuwa zimeshuka chini kabisa, manyunyu yanaanguka bila sauti. Niliweka macho kwenye uwazi wangu. Alfajiri hiyo sauti haikuzunguka. Ilikuwa karibu sana, hata nilihisi inatoka nyuma ya shingo yangu. Nilijua nikigeuka sitaona kitu. Sikugeuka. Nikasema kimoyomoyo, Bwana, nionyeshe, hata kama sitapenda.

Alitoka kwenye majani yule wa kichwa chekundu. Akaruka kwenye tawi la chini, urefu wa goti langu. Madoa yake yalikuwa yameloa. Alisimama kimya, kisha shingo yake ikaanza kufura, ikafura kama mfuko unaotiwa maji, mpaka kichwa kikawa kidogo kuliko koo. Mdomo hakuufungua hata kidogo.

Huuuuu.

Macho yangu yalikuwa juu yake na masikio yangu bado yalikuwa yanasema nyuma, nyuma. Shingo ikanywea, sauti ikakata. Ikafura, ikaita. Nilihesabu kama nilivyokuwa nikihesabu biskuti. Mara ishirini na tatu ilifura, na mara ishirini na tatu sauti ikatoka. Hakuna hata mara moja iliyotoka shingo ikiwa imelala.

Kwa hivyo hakuwa Patrobas. Sikumwacha mume wangu kwenye tope. Nilishukuru, nilishukuru kwa kweli, midomo yangu ilikuwa ikisema asante. Na hapohapo nilikuwa naona aibu na baridi, kama mtu aliyekuwa akimpungia mkono mtu ng'ambo ya barabara, kumbe si yeye.

Basi kile cha kahawia kikatoka chini ya lantana. Kikatembea mpaka chini ya lile tawi, bila haraka, kikachakura. Yule wa kichwa chekundu akashuka. Wakasimama pamoja, yeye akamletea kitu mdomoni, funza nadhani. Kisha wakaingia kwenye majani, mmoja nyuma ya mwenzake.

Nilingoja mpaka saa mbili. Hakuita tena.

Nzivo alisikiliza yote bila mzaha, hata uji hakuulalamikia. Kisha akainuka kwenye kitabu, akakifungua, akatenganisha kurasa mbili kwa patasi. Walikuwepo wote wawili, chini ya ukurasa, wadogo: mmoja kichwa cha matofali na simsim mgongoni, mwingine kahawia wa gunia. Pembeni kuna maandishi ya Kizungu na jina refu ambalo sikulishika. Aliweka michongo yake miwili juu ya picha. Mkia tu ndio aliokuwa ameurefusha kupita kiasi.

"Dume na jike," akasema. "Miaka thelathini, Mama Triza. Nilifikiri nitakufa sijamwona."

"Kwa nini amenyamaza?"

"Mimi nadhani dume huita mpaka ajibiwe. Akijibiwa, aitie nini tena?"

Nilifikiria juu ya hilo nikikusanya vikombe. Nilikuwa nimemjibu kila siku, karibu wiki tatu, na hakunyamaza hata alfajiri moja.

*

Bwire alifika Jumamosi saa kumi na mbili, macho mekundu kwa safari, koti la ndugu yake begani. Tulishuka pamoja. Sikumwambia kitu njiani kwa sababu yeye hakutaka kuongea. Alisimama kwenye nduma, akasikiliza. Mto ulikuwa unapita, magari yanaunguruma juu. Kichakani kimya.

"Hayuko," akasema. "Amekasirika?"

Nikatoa michongo kwenye leso nikamwekea mkononi. Nilimweleza kuanzia mwanzo, na yale ya mtungi pia, kwamba nilikuwa nikiongea naye. Hayo sikuwa nimemwambia mtu. Bwire alimgeuza yule wa kichwa chekundu hivi na hivi.

"Kadogo hivi," akasema.

"Kadogo hivyo."

"Nililia kwenye simu kwa ajili ya haka?"

"Hata mimi, Bwire."

Alianza kucheka, kicheko kikaishia katikati. Akafuta uso kwa mkono wa koti. "Basi ndugu yangu alifika nyumbani."

"Alifika siku ileile. Nilikwambia."

"Uliniambia. Lakini hukuwa na hakika, mulamwa. Ungekuwa na hakika hungenipigia simu."

Ni kweli, niliokoka mwaka wa themanini na nane, na imani yangu iliyumbishwa na kifaranga.

Bwire aliangalia jembe, ambalo mimi nilikuwa nikilizunguka miezi yote hiyo bila kuligusa. "Sitavunja tawi," akasema. "Lakini nimetoka mbali. Hata jina lake hatutalitaja?"

Nikasimama pale jembe lilipokuwa. Nilikuwa nimemwambia yule ndege habari zangu zote, lakini sasa niliona kwamba tangu Februari sijalitamka jina lenyewe kwa sauti. Nilikuwa nasema "wewe", kama tulivyosema nyumbani.

"Patrobas," nikasema.

Hakuna kilichoitikia. Manyunyu kwenye majani ya nduma, basi. Nikangoja pumzi moja, ya pili, ile nafasi niliyoizoea, na nafasi ikapita, na nyingine ikapita. Hapo ndipo nilipolia kile kilio ambacho wazee wa Funyula walinitazamia nilie, nami nikawaimbia pambio. Bwire alinishika kiwiko, akatazama upande wa mto.

Juu kwenye mteremko Mirriam alikuwa anawaambia wenzake, kwa sauti ya kusikika mpaka Dandora, "Mnaona? Mafuta yamefanya kazi! Limetoka!"

"Anasema nini yule?" Bwire akauliza.

"Anamshukuru Mungu," nikasema. "Mwache."

Bwire aling'oa jembe. Udongo ulikuwa umelishika, alivuta mara mbili. Mimi nikageuza ule mtungi, nikauinamisha ili maji ya mvua yatoke, nikaubeba. Tulipanda kwenda kupika nduma, yeye na jembe, mimi na mtungi, na nilipita kando ya kichaka taratibu ili nisiwashtue.